Nimejifunza kuchora msitu nikiwa mzee, kwa sababu ya dada yangu na mti mmoja

Wakuu, poleni na shughuli. Walionizidi umri humu, kama mpo, shikamooni. Mimi sitini na tisa natimiza, kwa hiyo sidhani kama mko wengi.

Ni msomaji wa siku nyingi wa jukwaa hili. Nasoma, nacheka, napita. Leo nimeona na mimi niweke uzi wangu. Yote nitakayosema yamenipata mwenyewe. Sitaongeza chumvi, na hata nikitaka, daktari wa presha alishanikataza chumvi.

Mtanisamehe uandishi. Niliishia darasa la nne, na naandika kwa kidole kimoja, tena chenye kovu la msumeno. Kikigusa herufi mbili kwa mpigo siyo kosa langu, ni kosa la kovu.

Uzi unahusu kuchora picha ya msitu kwa rangi. Lakini siwezi kuueleza bila kumtaja dada yangu mkubwa, Nakijwa, ambaye kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa haongei na mimi zaidi ya kuitikia shikamoo. Naamkia, anasema marahaba, basi. Hapo tumemaliza mpaka msiba mwingine.

Nilitaka aongee na mimi kabla mmoja wetu hajazikwa. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu. Haya mengine yote yameizunguka hiyo.

Sasa nianze.

Mimi ni mtu wa Bombo, kule juu milimani, Upare wa kusini. Kazi yangu ya ujanani ilikuwa kupasua mbao. Siyo kwa mashine, hapana. Ule msumeno mrefu wa watu wawili. Gogo linawekwa juu ya jukwaa la miti, mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anakaa chini, mnavutana kutwa nzima.

Mimi nilikuwa mtu wa chini. Mtu wa chini anakula unga wa mbao kuliko ugali. Mtu wa juu ndiye anayeufuata mstari, kwa hiyo ndiye anayeitwa fundi. Mtu wa chini anaitwa "wewe". Lakini nisiingie huko, tutakesha.

Nguvu zilipoisha nikawa seremala. Viti, milango, majeneza. Na miaka ya karibuni nimepata kazi ya fremu za picha. Mteja wangu ni mama mmoja pale Same mjini, kwenye barabara kubwa, anaitwa Fundi Zaina. Ana kibanda cha mabati. Anaandika mabango ya saluni na mabucha, na anachora michoro ile mnayoijua wote, ya rangi za mafuta zinazong'aa, twiga shingo ndefu, ndege wenye madoa, miti ya rangi kali. Alijifunza Dar akiwa binti, kwa mjomba wake. Mabango ndiyo yanamlisha. Michoro wanachukua wageni wanaokwenda mbugani.

Kila siku ya gulio nateremka na fremu na hadibodi za kuchorea nilizokata kwa vipimo vyake.

Siku moja nikakuta ameegesha picha ya msitu nje, inakauka. Nikaitazama. Nikaitazama tena. Nikashindwa kunyamaza.

Nikamwambia, "Fundi, huu msitu hauna ukweli."

"Una nini tena, mzee wangu?"

"Mbuyu na mgomba haviwezi kukaa bega kwa bega namna hii. Huyu wa tambarare, huyu wa mlimani. Nani aliwakutanisha?"

Akacheka. Mwanamke yule akicheka hata wauza vitunguu ng'ambo ya barabara wanageuka. Akasema, "Nimewakutanisha mimi. Kama hutaki, brashi ile pale. Chora wa kwako wenye ukweli."

Wakuu, mimi ni Mpare. Ukimwambia Mpare "kama hutaki", umeshamfungulia kesi. Nikaichukua brashi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Hakukuwa na wito wowote wala ndoto. Ulikuwa ubishi tu.

Somo la kwanza likawa anga. Nilidhani kuchora msitu unaanza na mti. Kumbe unaanza na kilicho mbali kabisa, unakuja mbele kidogo kidogo. Unapaka bluu juu, nyeupe katikati, njano kidogo chini, halafu kabla hazijakauka unazipitisha brashi pana kulia kushoto mpaka mipaka ipotee. Ukichelewa, zinagoma. Ukiwahi sana, zinakuwa uji.

Anga la kwanza lilikuwa uji. La pili lilikuwa zuri, nikaliweka nje likauke, na upepo wa Same mnaujua. Nikarudi nikakuta anga limejaa vumbi, na mdudu mmoja amekufa katikati akiwa amekunjua mbawa.

Zaina akasema, "Muache. Huyo ndiye ndege wako."

La tatu ndilo lililokubali. Sikutegemea kama mtu wa umri wangu anaweza kufurahi hivyo kwa sababu ya bluu.

Baada ya anga kukauka siku mbili, nikapewa ruhusa ya miti. Hapa ndipo nilipotegemea kumfundisha yeye. Nimeishi na miti maisha yangu yote. Nikainama pale asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Nikachora mikulo, nikachora podo, nikachora mvule mmoja wa pembeni. Kila shina nililipa unene wake na gamba lake. Mkulo hauna gamba la podo, na mimi nilizitofautisha.

Zaina akatoka kuswali, akaja akasimama nyuma yangu. Hakucheka. Hilo likanitisha.

Akauliza, "Babu, hii ni nini?"

"Msitu."

"Majani yako wapi?"

Nikatazama. Wakuu, kweli hakukuwa na majani. Nilikuwa nimechora mashina ishirini na kitu, yamenyooka kama askari, na kila moja nimelikata pale tawi la kwanza linapoanzia. Juu ya hapo nilikuwa nimeacha anga tupu.

Nikajitetea. Nikasema, "Majani hayana soko. Tunayafyeka kwanza."

"Basi huu siyo msitu. Umenichorea yadi ya mbao, tena imepangwa vizuri. Bado kuandika bei tu."

Wauza vitunguu wakageuka.

Nikarudi mlimani siku ile nimenuna. Kwenye gari nilikaa dirishani, tunapanda kona kwa kona, natazama miti. Nikagundua kitu cha aibu. Nilikuwa naweza kukuambia kila mti ule utatoa mbao ngapi na utaangukia upande gani. Lakini ukiniuliza jani la mkulo likoje, sijui. Mti ambao nimeupasua tangu nikiwa kijana, ambao harufu yake ya kamfa ilikuwa haitoki kwenye shati hata ukifua mara tatu, jani lake silijui. Mtu wa chini hatazami juu, ataingiwa na unga machoni. Na siku ya kuangusha hatutazami majani, tunatazama mahali pa kukimbilia.

Sasa, nikisema mkulo, lazima niseme habari ya dada. Nimeizunguka vya kutosha.

Kwetu kila ukoo ulikuwa na mpungi. Ni msitu mdogo wa ukoo, wa wazee wa zamani, haukatwi, hauchezewi. Siku hizi tuko Walutheri, tunaimba kwaya, lakini mpungi bado hatukati. Mchungaji mwenyewe hakati.

Wa kwetu uko nyuma ya boma la baba. Na pembeni yake kabisa ulisimama mkulo mmoja mkubwa, watu wanne wameshikana mikono hawaumalizi. Dada alikuwa anaokota kuni chini yake tangu akiwa mtoto. Alinibeba mgongoni pale. Mama yetu alikuwa mgonjwa mgonjwa, kwa hiyo dada ndiye mama.

Baba alipofariki, mimi nikiwa ndiye mtoto wa kiume, akaja mfanyabiashara kutoka chini tambarare akautaka ule mti. Nilikuwa nataka kuoa na nyumba ilikuwa ya nyasi. Nikasema mti uko nje ya mpaka wa mpungi. Dada akasema uko ndani.

Mnatuchekaga Wapare kwa kesi, na mna haki. Tulikwenda barazani mimi na dada yangu wa tumbo moja. Msimu wa kwanza, msimu wa pili. Tukapima kwa hatua, tukaita mashahidi wazee. Hukumu ikasema mti uko nje, kwa hatua mbili.

Nikaukata. Nikaezeka mabati.

Nilishinda kesi nikapoteza dada.

Tangu siku ile hajawahi kukaa chini ya yale mabati. Ukitokea msiba kwangu anakuja, maana siyo mtu mbaya, lakini anakaa nje. Siku ya kumzika mke wangu mvua ilinyesha ya mawe. Watu wote waliingia ndani. Dada yangu alibaki uani, amejifunika turubai, mpaka mvua ikakatika. Mimi namtazama kupitia dirishani. Hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

(Umeme ulikatika, simu ikazima chaji. Naendelea.)

Miaka mitatu iliyopita miguu yake ilianza kuvimba, moyo nao. Daktari akasema mlima basi, akae karibu na hospitali. Binti yake, mpwa wangu Neema, akamchukua Same mjini. Nyumba yao haiko mbali na kibanda cha Zaina. Kila siku ya gulio mimi nilikuwa napita pale na mabodi kichwani, natazama geti, sigongi.

Neema alikuwa anakuja kunisalimia kibandani. Siku moja akaniambia, "Mjomba, mama ananitia wasiwasi. Anakaa uani amegeukia mlima, lakini ukuta wa jirani umeuziba. Anautazama ukuta."

"Anasema nini?"

"Hasemi. Kila nikitaka kupanda huko juu ananiita, anafungua mdomo kama anayetaka kunituma, halafu anasema basi, nenda."

Hapo ndipo shauri lilipokaa sawa kichwani mwangu. Nikamwambia Zaina, sitaki tena msitu wowote tu. Nataka mpungi wa kwetu, unavyoonekana ukiwa umesimama uani kwa baba. Niupeleke kwa dada. Akinifukuza, anifukuze nikiwa nimegonga geti.

Zaina akafunika kopo lake la rangi. Akasema, "Haya. Lakini katafute majani kwanza."

Basi nikaenda kutafuta majani. Nilikuwa sijakanyaga ule upande tangu siku ya msumeno. Nilikuwa napita njia ya mbali, hata mbuzi akipotelea huko namtuma mtu. Asubuhi nikabeba kiti, ndiyo, kiti, magoti yangu hayakubali kuchuchumaa, nikakaa pembeni ya mpungi nikainua uso.

Ilichukua muda. Macho yaliyozoea mashina hayapandi haraka. Halafu upepo ukapita, na ule msitu wote ukageuka mweupe. Kisha ukawa kijani tena. Kisha mweupe.

Nikadhani ni macho yangu. Nikaokota jani la mkulo chini. Juu kijani kiza, chini yake jeupe, kama limepakwa unga. Upepo ukiligeuza, unaona tumbo lake. Miaka yote ile, wakuu.

Nikanyanyuka kwenda karibu. Na pale nikakiona kisiki changu. Nilitegemea kukuta kimeoza kimekuwa udongo. Hakikuoza. Kutoka mizizini kimetoa watoto. Siyo vichipukizi vya kuchezea, ni miti, mirefu kuliko nyumba yangu, minne. Nikahesabu mara mbili. Kuzunguka pale pameota masale mengi, nikajua ni ya mpaka, yale majani tunayopanda kutenganisha viwanja.

Nikakaa tena kwenye kiti. Mengine ya pale siyasemi.

Niliporudi Same nikaanza bodi kubwa. Anga, nikalipa mawingu ya kwetu, mazito. Milima ya mbali, kijani kiza karibu na nyeusi. Halafu majani. Mtindo ule wa Zaina jani unaliweka moja moja kwa ncha ya brashi. Unaanza na kiza, unakuja na kijani cha kati, unamalizia na cha mwanga juu. Jani, jani, jani. Usiku wa kwanza nilipofunga macho niliona majani.

Nikamwambia Zaina nataka na nyeupe.

"Majani meupe? Babu, utaniharibia jina."

"Njoo Bombo uone."

"Mimi baridi siiwezi. Haya, weka. Ukiulizwa, mimi sikukufundisha."

Sasa ikaja kazi ngumu. Pale pembeni, nichore nini? Mkulo mkubwa ulivyokuwa, au kisiki?

Nikamuuliza Zaina. Alikuwa anaandika bango la fundi viatu, hakuacha kuandika. Akasema, "Sisi hatuchori kwa kutazama. Tunachora tunachokumbuka. Wewe unakumbuka nini?"

Nikachora mti mkubwa. Siwadanganyi, ulikuwa mzuri. Majani yake niliyaweka siku mbili. Watu wa gulioni walisimama kutazama, mmoja akaniuliza kama nauza. Zaina mwenyewe akaita fundi mwenzake kuja kuuona.

Lakini kila nikiutazama naona nimemdanganya mtu. Nilijiona nampelekea dada ule mti nikiwa nimesimama kama mtu ambaye hakumfanyia lolote. Kama vile kesi haikuwapo. Nikajiuliza, akiniuliza "mti huu uko wapi sasa", nitasema uko juu ya kichwa changu, umekuwa mabati?

Rangi ilikuwa bado haijashika. Nikachukua kitambaa, nikakilowesha mafuta ya taa, nikaufuta.

Zaina aliachia brashi. "Mzee, una wazimu?"

"Nilishaukata mara moja," nikasema. "Mimi siyo mgeni wa kazi hiyo."

Akanisogezea kopo la rangi ya kahawia.

Nikachora kisiki, na ile miti minne. Nikaibeba picha mlimani nikaimalizie nikiwa nautazama msitu wenyewe. Hilo nalo lilikuwa kosa, vijana mnaochora msirudie. Rangi ya mafuta na ukungu wa Bombo hawapatani. Siku kumi haikauki, na ilipokauka mng'ao wote umekufa, imekuwa kama imepumuliwa. Zaina alipoiona akashika kichwa, akataka tupake upya. Nikakataa. Msitu wetu asubuhi uko hivyo hivyo, umepumuliwa.

Nikatengeneza fremu. Ya grivea, ule mti wa kupandwa mashambani. Sikuthubutu kuweka mkulo.

Siku ya siku nikagonga geti. Neema akafungua, akanitazama mimi, akatazama bodi niliyoifunga shuka, akasogea pembeni. Dada alikuwa uani kwenye kiti chake, miguu juu ya stuli. Amepungua wakuu. Mikono ndiyo ileile.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Basi. Kama kawaida. Sikuwa na neno la pili, kwa hiyo nikafungua shuka, nikaegemeza picha kwenye ule ukuta wa jirani, mbele yake.

Akaitazama. Sijui muda gani. Neema alileta chai ikapoa. Mimi nimesimama kama mshtakiwa.

Halafu akainua mkono. Nikaona amekunja ngumi, ananyoosha ngumi kuelekea pichani. Kwetu mpungi hauonyeshwi kwa kidole kilichonyooka, ni kukosa adabu, unaonyesha kwa ngumi. Aliionyesha hadibodi yangu kwa ngumi.

Akasema, "Hapo umekosea."

Nikasema, "Ndiyo dada, nilikosea. Nimekuja..."

"Sisemi hayo. Hapo pa kisiki. Umeweka minne. Iko mitano."

Nikasema, "Dada, minne. Nimehesabu mara mbili."

"Ulizunguka upande wa bondeni?"

Nikatazama miguu yangu.

"Hukuzunguka," akasema. "Wewe tangu lini ukazunguka kitu. Wa tano uko upande wa bondeni, umetokea kwenye mzizi uliopita chini ya jiwe. Ndiye mdogo wao. Mbuzi walimla mara mbili akiwa kiganja hivi. Nikampandia masale pande zote. Nikaona hawakomi, nikaweka miiba."

Neema akasema, "Mama, kumbe ndiko ulikokuwa unakwenda kila asubuhi? Ulisema unakwenda kukata majani ya ng'ombe."

"Majani nilikuwa nakata. Njia moja, kazi mbili."

Wakuu, nikakaa chini sakafuni bila kukaribishwa. Tangu nilipoukata ule mti, dada yangu alikuwa anaulea. Mimi nikilala chini ya mabati ya ule mti, yeye anapalilia watoto wake. Nyumba yangu hakuikanyaga, lakini kisiki changu alikuwa anakikanyaga kila siku.

Na ndipo nikaelewa alichokuwa anataka kumtuma Neema. Miaka mitatu amekaa anatazama ukuta, hajui kama miti ile ipo au mtu mwingine kama mimi ameshaipitia. Wa kumuuliza ni mimi, na mimi ndiye hawezi kuniuliza.

Nikamwambia, "Ile minne ipo dada. Imenizidi nyumba kwa urefu. Imenyooka."

"Nyumba yako fupi," akasema. "Hiyo minne nilijua itafika. Mimi nauliza wa tano."

"Sijamuona."

"Basi chukua picha yako."

Nikainuka, nikaanza kuikunja shuka. Nilidhani ndiyo nimefukuzwa.

Akasema, "Elinami." Hilo ndilo jina langu. Kwa kinywa chake nililisikia mara ya mwisho barazani, na alikuwa anamwambia hakimu. "Nenda ukazunguke upande wa bondeni. Ukimkuta, mchore hapo. Usipomkuta, usinichoree wa uongo. Jumamosi uje uniambie."

"Nitakuja dada."

"Na hayo majani," akasema, "meupe yamezidi kidogo upande huu. Upepo wa kule unatoka kushoto. Na hiyo chai kunywa, imeshapoa lakini ni chai."

Nikanywa. Baridi, na sukari mbili, na mimi sukari pia nimekatazwa. Nikanywa yote.

Wakuu, hiyo ilikuwa juzi. Jana nilipanda. Nilizunguka upande wa bondeni, kwa magoti haya, nikishika masale. Nikalikuta jiwe. Nikaukuta mzizi. Na yupo. Ni mwembamba, ameinama kutafuta mwanga, lakini majani anayo na mengi. Sikumgusa. Nimemtazama kuanzia juu kuja chini, ndivyo nilivyofundishwa.

Nilichojifunza mimi ni kidogo. Mtu anaweza kuishi na kitu miaka arobaini na akawa anakijua upande wenye faida tu. Na kesi unaweza kushinda kwa hatua mbili, halafu ukatembea miaka thelathini kuzitafuta hizo hatua mbili za kurudi. Kama una ndugu ambaye mnaitikiana marahaba tu, usisubiri uwe na maneno mazuri. Mimi sikuwa nayo. Peleka hata kitu chenye makosa, huenda akapata la kusahihisha.

Na kwa wenye umri wangu, brashi haina mwenyewe. Zaina sasa ananiita mwanafunzi mbele za wateja, na mimi namwitikia.

Karibuni mtoe maoni yenu. Wa kukosoa akosoe, nimezoea sasa. Lakini wachoraji mliomo humu naomba kwanza mnisaidie hili. Picha imeshakauka kabisa, na nataka kuongeza mti mmoja mwembamba nyuma ya kisiki, chini ya majani ambayo yapo tayari. Nafanyaje usionekane kama umebandikwa? Nikwangue kwanza, au napaka juu yake hivyo hivyo? Naomba jibu mapema, maana dada amesema Jumamosi, na kwa ukungu huu rangi haitakauka upesi.